Injini ilizima ila mapanga yalikuwa yanazunguka, je rubani anadanganya?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Niko huku Mtama, Lindi. Juzi asubuhi kihelikopta cha watu wawili kilishuka kwenye mikorosho ya baba mdogo kikapinduka, rubani alikuwa peke yake kavunjika mkono. Anasema mashine ilizimika angani. Ila sisi wote tuliona mapanga ya juu yanazunguka mpaka yanagusa chini, sasa kijiji kizima kinasema jamaa muongo, alikuwa anacheza tu. Mtendaji kafunga kamba na katukataza kugusa mpaka watu wa uchunguzi waje, baba mdogo anataka kuokota korosho zake, na kuna kijana kashabeba kipande cha panga kwao. Naomba unieleweshe, ukweli ni upi na hao watu wanatafuta nini kwenye lile dude?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mpe pole baba mdogo na huyo rubani kama bado mnaonana nae, kuvunjika mkono sio mchezo.

Nianze na hilo la mapanga maana ndo linamchafulia mtu jina bure. Kwa maelezo yako na ile picha uliyonitumia, hiyo sio helikopta, inaitwa jairoplani. Ukiiangalia kwa mbali utasema helikopta kwasababu ina mapanga juu, lakini inavyofanya kazi ni kitu kingine kabisa. Kwenye helikopta injini ndo inayazungusha yale mapanga ya juu. Kwenye jairoplani nyingi za siku hizi injini iko mgongoni kwa rubani na kazi yake ni kuzungusha ile propela ya nyuma, basi, inasukuma chombo kiende mbele. Mapanga ya juu hayaendeshwi na injini kikiwa hewani. Kuna kifaa kinayaanzishia mzunguko pale chini kabla ya kuondoka, rubani akianza kukimbia kinaachia, na kuanzia hapo mpaka anatua kinachoyazungusha ni upepo mtupu.

We umekulia pwani, kititia cha ukuti unakijua. Mtoto anakisuka, anakichomeka kwenye kijiti, anakimbia nacho na kinazunguka, hakuna anaekizungusha kwa mkono. Jairoplani ni hivyohivyo, mapanga yamelazwa nyuma kidogo, hewa inaingia kwa chini inatokea juu, inayapiga yanazunguka, na yakizunguka yanabeba. Injini ikizima chombo kinaanza kushuka, na kikishuka hewa ndo inazidi kupanda kupitia kwenye mapanga, kwahiyo yanaendelea kuzunguka kama kawaida, kwenye hizi za watu wawili ni kama mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika. Kwahiyo mliyoyaona ni kweli kabisa, na aliyoyasema rubani yanaweza kuwa kweli kabisa, hayapingani hata kidogo. Mapanga yangesimama angani wala tusingekuwa tunaongelea mkono uliovunjika, tungekuwa msibani.

Na kilibuniwa kwa ajili ya hilohilo. Mhispania mmoja, Juan de la Cierva, ndege yake ya injini tatu ilipoteza mwendo ikiwa chini ikaanguka, mwaka 1919, akaamua atafute chombo ambacho kikipungua mwendo hakidondoki. Januari 1923 karibu na Madrid chombo chake kikaruka vizuri kwa mara ya kwanza, na siku chache tu baada ya hapo injini ikazima muda mfupi baada ya kuondoka, kikashuka taratibu kikakaa chini salama. Yaani kutua kwa dharura kulianza pamoja na chombo chenyewe. Inauma kwamba mtu huyohuyo alikuja kufa Desemba 1936 akiwa abiria tu kwenye ndege ya kawaida iliyoanguka wakati inaondoka Croydon, London.

Sasa usitoke hapo ukawaambia watu kumbe haina hatari. Inashuka kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Ndege ndogo ya mabawa ikizima injini inateleza mbali kiasi, lakini jairoplani kwa kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele mita tatu au nne hivi, basi. Piga hesabu: rubani yuko mita 150 juu ya mikorosho, injini inakata, kiwanja chochote anachotaka kukitumia kiwe ndani ya mita 450 mpaka 600 kutoka alipo, na akiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ana sekunde kama ishirini tu mpaka yuko chini. Ndani ya hizo sekunde ashushe pua ili asipoteze mwendo, ajue upepo unatoka wapi, achague pa kukaa, na kama ana redio aseme neno. Akikosea akaacha mwendo ufe akiwa bado juu, chombo kinashuka wima kama ndoo kisimani, mapanga yanazunguka vizuri tu lakini ule mwendo wa kuvutia pua juu mwishoni, ule unaopunguza kishindo, hana tena.

Ndo maana sisi tuliokaa na hivi vyombo tunagawa ajali ya namna hii mara mbili, na hapa naomba usome taratibu kwasababu kijijini kwenu mmeyachanganya. Swali la kwanza, kwanini injini ilizima. Swali la pili, kwanini kutua ambako kungeisha kwa mtu kushuka kwenye kiti akajifuta vumbi kuliishia kwa chombo kupinduka. Hayo ni maswali mawili na mara nyingi yana majibu mawili yasiyohusiana. Injini inaweza kuzima kwa kosa la fundi aliyeko mbali huko, halafu kupinduka kukasababishwa na mchanga wa shambani kwa baba yako mdogo. Mtu akikuambia "alipinduka kwasababu injini ilizima" amekuambia nusu tu.

Hebu tuanze na la pili maana we upo hapohapo unaweza kuangalia kwa macho, bila kuvuka hiyo kamba aliyofunga mtendaji. Mikorosho iliyopandwa kwa utaratibu mara nyingi inakaa mita 12 kwa 12. Kipenyo cha mapanga ya jairoplani ya watu wawili ni kama mita 8.4 hivi. Kwahiyo hata rubani akiingia katikati kabisa ya mstari, kila upande anabakiwa na chini ya mita mbili, na hapo nimehesabu kutoka shina hadi shina, matawi sijayagusa, na mkorosho wa miaka ishirini we unaujua unavyotandaza matawi mpaka yanalala chini. Halafu gurudumu la mbele kwenye nyingi ya hizi mashine limefungwa pamoja na pedali za usukani wa nyuma, ukikanyaga pedali ili unyooshe mkia, gurudumu nalo linakata kona. Injini ikiwa imezima ule upepo wa propela uliokuwa unaupiga usukani wa nyuma haupo, usukani unakuwa mlegevu, rubani anajikuta anakanyaga zaidi, anagusa chini gurudumu likiwa limekaa upande. Kwenye lami pengine angeponea. Kwenye mchanga wetu huu ambao mmeshaupalilia na kuufagia ili korosho zionekane, gurudumu linazama, chombo kinalala ubavu, panga linagusa ardhi. Na ncha ya panga hilo inakwenda zaidi ya kilomita 500 kwa saa, likishagusa hakuna mkono wa binadamu wa kulizuia, linakirusha chombo chenyewe.

Kwahiyo iangalieni hiyo alama ya magurudumu. Imenyooka au imekatika ubavu? Inaanza umbali gani kutoka pale kilipolala? Mchunguzi akifika jambo la kwanza hatagusa chochote, ataizungukia hiyo sehemu kwa miguu akiwa na kamera na futi, na hiyo michirizi ya mchanga kwake ina thamani kuliko maneno ya watu hamsini. Ndo inayofutika kwanza pia. Mbuzi wawili wakipita hapo na mvua moja ikinyesha, kwisha.

Upepo nao atauuliza. Msimjibu "kulikuwa na upepo wa kawaida", haimsaidii. Mwambieni moshi wa nani ulikuwa unaelekea wapi, kama kuna mtu alikuwa anachoma takataka asubuhi hiyo atakumbuka. Rubani kutua akiwa ameupa upepo mgongo anagusa chini na mwendo mkubwa zaidi, na sekunde ishirini ni chache sana kwa mtu kugeuka.

Sasa la kwanza, injini. Kwenye helikopta iliyoanguka, yale mapanga ya juu yakikutwa yamevunjika vibaya yanatusaidia kujua kama injini ilikuwa na nguvu. Kwenye jairoplani hayatusaidii kwa hilo, na sasa unajua kwanini, yanazunguka injini iwepo isiwepo. Kinachosema ni propela ya nyuma. Nyingi zina mapanga matatu. Injini ikiwa na nguvu wakati wa kugonga, yote matatu yanasagika karibu na mashina yake na vipande vinaruka mbali huku na huku. Injini ikiwa imesimama, utakuta moja limevunjika, lile lililokuwa upande wa chini, na mengine mazima kabisa utadhani yametoka kiwandani. Kuna wakati panga la juu wakati linajikunja linaifikia propela na kuikata, ndo maana mchunguzi anapanga vipande vyote chini kama anaunganisha sahani iliyovunjika kabla hajasema neno. Hapo ndo kile kipande alichobeba yule kijana kinapotakiwa, na hapo pia ndo nakuomba mkiulizana msiulizane habari za mapanga ya juu. Ulizaneni hivi: nani aliiona ile ndogo ya nyuma? Alikuwa anaona panga mojamoja limesimama, au aliona duara la ukungu? Anaejibu hilo huyo ndo shahidi.

Na sauti. Hapo kijijini lazima kuna mtu alirekodi kwa simu, siku hizi hakuna kinachopita juu bila kurekodiwa. Nyingi ya hizi mashine zimefungwa injini ya Rotax, 912 au 914, inatengenezwa Austria, silinda nne, na ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika inapiga mipigo kama 167 kila sekunde. Sikio lako linasikia muungurumo tu lakini kompyuta inaihesabu hiyo mipigo kutoka kwenye video ya simu, hata kama kwenye picha hakuna kitu ila majani ya mkorosho. Inaweza kuonesha kama injini ilikata ghafla kama taa, au ilikuwa inakohoa inarudi inakohoa, na hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Kukata ghafla unafikiria mambo ya umeme au swichi. Kukohoa unafikiria mafuta. Chombo kidogo kama hicho kisanduku cheusi hakina, kwahiyo simu zenu na simu au tableti ya rubani ndo kisanduku cheusi chenyewe. Mwenye video asiitume WhatsApp halafu akafuta ya kwenye simu, ikitumwa hivyo inabanwa na sauti inapungua ubora. Aitunze ileile ya mwanzo.

Kwenye mafuta nitakaa kidogo maana hapo nina deni. Nilipokuwa kijana kwenye karakana moja, ndege ndogo ilitua shambani kwa kukosa nguvu, hakuna aliyeumia, tukatumwa wawili kuifuata. Mi nikaona niwahishe kazi, nikafungua filta ya mafuta nikaiosha vizuri, nikamwaga kilichokuwemo, nikafungua bakuli za kabureta nikazifuta kwa kitambaa. Kwenye bakuli moja nakumbuka niliona vitone viwili vitatu vimejikusanya chini kama shanga, petroli inateleza juu yake. Maji. Nikafuta. Mchunguzi alipofika jioni akaniuliza ulikuta nini humu, nikamwambia, akaandika, lakini neno langu halikuwa tena sampuli ya maabara. Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye nyasi akaiangalia ile bakuli safi muda mrefu. Mpaka leo kule yale maji yalikoingilia, kama ni kwenye pipa au kwenye dumu au kwenye tangi lenyewe, hakuna anaejua, na kulikuwa na ndege nyingine iliyokuwa inajaza sehemu hiyohiyo.

Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na huku kusini ambako mafuta yanabebwa kwenye madumu kutoka sheli na usiku unyevu ni mwingi, maji kuingia ni rahisi mno. Ndo maana rubani anatakiwa atoe kidogo kwenye tangi kabla ya kuruka aangalie kwenye chupa inayoonesha. Kuna na swala la aina ya petroli, Rotax 912 ya nguvu farasi 100 inataka oktani (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo) isiyopungua 95, ukiipa ya chini ya hapo inaumia ndani taratibu.

Kuna na mtuhumiwa mwingine ambaye watu wakimsikia wanacheka, barafu. Ndio, barafu, Lindi. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto, hewa ya humo inaweza kupoa nyuzi ishirini na zaidi, kwahiyo asubuhi ya nyuzi 25 yenye unyevu kama zilivyo asubuhi nyingi za pwani, unyevu unaganda kwenye koo la kabureta na kuiziba, hasa rubani akiwa amepunguza mafuta anashuka kuangalia kitu chini. Injini ikizima, akianguka, ndani ya dakika chache barafu imeyeyuka, injini ukiiwasha kesho yake inaunguruma kama mpya na watu wanasema si mnaona, ilikuwa nzima! Wachunguzi wanajua hilo, ndo maana wanachukua rekodi za joto na unyevu za Mamlaka ya Hali ya Hewa za saa hiyohiyo. Injini kukutwa nzima sio ushahidi wa uongo. Ni jibu mojawapo.

Najua pia kuna watakaoogopa kwamba hao watu wanakuja kumkamata mtu. Uchunguzi wa ajali za ndege duniani unafuata Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kipo tangu 1951, na kinasema lengo lake ni moja tu, kuzuia ajali na matukio, sio kugawa lawama wala kutafuta wa kuwajibishwa. Hapa kwetu kitengo cha uchunguzi wa ajali kipo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi, hakipo chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nakubaliana sana na mpangilio huo kwasababu TCAA ndo inatoa leseni na kukagua, isingefaa ijichunguze. Taarifa ya awali kwa kawaida inatoka ndani ya siku 30. Polisi wana kazi yao na wanaweza kuja nao, lakini hayo ni mafaili mawili. Kwahiyo waambie watu waseme walichoona bila kuogopa, na wasiseme walichosikia kwa mwenzao.

Na kwa taarifa yako mkono kuvunjika unatosha kabisa kuiita ajali kwa tafsiri ya Kiambatisho hicho, mfupa ukivunjika linahesabiwa jeraha kubwa, isipokuwa ile mivunjiko midogo ya vidole au pua. Sio mpaka mtu afe.

Waliokimbia kumtoa rubani wakakanyaga alama na kukata mkanda wake wasijisikie vibaya hata kidogo. Kuokoa mtu kunatangulia kila kitu. Bukoba Novemba 2022 ile ndege ilipoingia ziwani na watu 43, wavuvi na mitumbwi yao ndo walifika mwanzo, 24 wakapona, na hakuna mchunguzi mwenye akili atakaesema wangesubiri. Ila mtu akishatoka na moto haupo, hapo ndo mikono inarudi mifukoni.

Kuhusu korosho za baba mdogo namuelewa kabisa, zikilala chini zikanyeshewa zinashuka daraja na ghalani hawatamhurumia. Aende kwa mtendaji leo, aombe kamba ipunguzwe iishie pale vipande vya mwisho vilipofika, aokote nje ya kamba, na ndani ya kamba aombe aokote akiwa na mtu wa kumwangalia mara baada ya wachunguzi kumaliza kupiga picha. Mikorosho iliyokatwa aipige picha moja moja, afisa kilimo wa kata aihesabu na kuandika, kwasababu fidia ni kati yake na mwenye chombo na bima yake, wachunguzi hawahusiki na hilo na hawatamlipa.

Yule kijana mwambie kwa upole, msimtishe akaenda kukitupa mtoni. Asikirudishe kukilaza tu popote, na asikioshe. Akiweke kwenye gunia safi, aende na mtendaji amuoneshe ni mkorosho gani alikikuta chini yake, wachomeke kijiti hapo, na akumbuke kama upande uliovunjika ulikuwa unaangalia juu au chini. Na kama rubani aliacha dumu lolote la petroli hapo kijijini, hata kama limebaki kikombe kimoja, mlifunge vizuri mliweke kivulini. Najua bodaboda watakuwa wameshaliulizia.